Kuzunguka milima ya Norwe kwa gari na hema: panga na mvua kwanza

Ndugu na marafiki wakija Oslo kiangazi, swali lao huwa moja: tukodi gari, twende wapi? Wengi wanashuka ndege na ratiba imeshajaa. Jumatatu Bergen, Jumanne Geiranger, Alhamisi Trondheim, na kila kituo hoteli imeshalipiwa. Mimi ni dereva, naendesha mabasi ya mjini hapa, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye malori ya Tanga kwenda Arusha. Ninachowaambia ni hiki: fanyeni mzunguko mmoja tu wa karibu kilomita 900, laleni kwenye hema, na msilipie kitanda hata kimoja kabla ya kuondoka. Mvua ndiyo itakayopanga safari, na ukishaijua tabia yake utaikwepa siku nyingi.

Upepo wa Norwe kwa kawaida hutoka Atlantiki na unyevu wake wote. Ukigonga milima ya magharibi unapanda, unapoa, unamwaga maji. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukivuka milima kuelekea mashariki, bonde la Skjåk hupata chini ya milimita 300, na wakulima wa huko tangu enzi na enzi wamechimba mifereji ya kushusha maji kutoka mlimani. Anayeijua Tanga ataelewa mara moja: Amani kunanyesha mpaka nguo hazikauki, ukizunguka nyuma ya Usambara, Mkomazi ni vumbi. Kwa hiyo mvua ya magharibi haimaanishi siku imeharibika. Inamaanisha uko upande usiofaa wa mlima, na kuvuka ni saa mbili za gari.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Unatoka Oslo kwa barabara ya E16 hadi Fagernes, mwendo wa saa tatu hivi. Hapo njia zinagawanyika. Ukikata kaskazini kwa barabara namba 51 unapanda Valdresflye, unapita ziwa Gjende, unafika Lom. Kutoka Lom barabara namba 55 inakuvusha Sognefjellet na kukushusha hadi Skjolden, kwenye ncha ya ndani kabisa ya mfumo wa Sognefjord, fjordi (mkono mwembamba wa bahari ulioingia kati ya milima) yenye urefu wa kilomita 200 na ushei. Unaufuata mkono wake uitwao Lustrafjord hadi Sogndal, unapanda pantoni ya Mannheller kwenda Fodnes, unafika Lærdal, kisha Aurland, halafu unarudi kwa E16 kupitia Filefjell hadi Fagernes tena. Ukitaka unauanza kwa upande wa pili.

Ndiyo maana Fagernes ndipo pa kufanyia uamuzi. Simamisha gari, jaza mafuta, nunua mkate, fungua programu ya Yr, ile ya idara ya hali ya hewa ya Norwe pamoja na shirika la utangazaji NRK. Angalia Lom, angalia Sogndal, siku tatu mbele. Lom kukavu na Sogndal kunanyesha? Kata kaskazini, kaa milimani mpaka magharibi kutulie. Sogndal kuna jua? Nyoosha na E16, anza na fjordi. Zile siku chache ambazo upepo unatoka kusini mashariki, mambo hugeuka: mashariki kunalowa, magharibi kunang'aa. Aliyelipia hoteli hawezi kufanya hivyo. Mwenye hema anaweza.

Msimu ni katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Sognefjellet hufungwa kwa theluji kuanzia Novemba hivi hadi Mei, na barabara ya juu ya Aurland kwa kawaida hufunguliwa Juni inapoanza, ikiwa bado na kuta za theluji kando kuzidi urefu wa gari. Mwezi Julai wenyeji wenyewe wako likizo, barabara zinajaa magari ya kulala. Mimi hupenda wiki za katikati ya Agosti: visubi wamepungua, matunda madogo ya porini yameiva, na watoto wa shule wamesharudi darasani. Kabla ya kupanda mlima wowote piga 175, namba ya taarifa za barabara, uulize kama njia iko wazi.

Vitu vya kubeba

Anayetoka nyumbani Afrika huwaza blanketi. Baridi ya hema haitoki juu, inatoka chini. Udongo wa mlimani unanyonya joto la mwili usiku kucha, na godoro la kupuliza la kawaida, lile la wageni sebuleni, halizuii kitu kwa sababu hewa ya ndani inapoa. Nunua mkeka wa kulalia wa safari wenye povu ndani, au weka mkeka wa povu chini ya godoro lako. Pesa ikiwa kidogo, punguza kwenye hema, usipunguze kwenye mkeka.

Mfuko wa kulalia una nyuzijoto mbili zilizoandikwa. Fuata ile ya kulala kwa starehe, si ile ya kikomo. Ya kikomo ni ya mtu atakayelala amejikunja, basi. Usiku wa Julai juu ya mita elfu moja unaweza kushuka hadi nyuzijoto nne au tano, hivyo chagua mfuko wa starehe ya sifuri hadi tano. Hema liwe la ngozi mbili, ya nje isiguse ya ndani. Pumzi za watu wanne usiku mmoja zinatoa maji mengi ajabu, kwa hiyo madirisha ya hewa yaache wazi hata kama kuna baridi, la sivyo asubuhi mtadhani kulinyesha ndani.

Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu. Fulana ya pamba ikilowa haikauki na inakupoza. Dada yangu mkubwa alipokuja kutoka Korogwe alibeba kanga sita. Nilicheka, lakini zilifanya kazi: moja ya kufunika dirisha la gari, moja taulo, moja pazia la kubadilishia nguo, na moja ya kufunga machoni. Hiyo ya machoni si mzaha. Mwishoni mwa Juni, Lom, jua linazama karibu saa tano usiku na kuchomoza karibu saa kumi alfajiri, na katikati hakuingii giza la kweli. Kwa Waislamu wenzangu: pakua mapema ratiba ya swala ya kiangazi ya msikiti unaoufuata Oslo, kwa sababu Ishaa na Alfajiri za huku zinapangwa kwa utaratibu maalumu, na milimani mtandao hukatika.

Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni. Nunua Oslo, na jiko liwe la mtungi wa kufunga kwa kuzungusha kama skrubu, ndio ulioenea madukani na kwenye sheli.

Mwenye eneo akija?

Hilo ndilo swali la dada jioni ya kwanza, tulipoegesha karibu na ziwa pasipo geti wala mlinzi.

"Baba Zuhura, mwenye eneo akija usiku na panga?"

"Haji, dada. Akija atauliza kama tumelala vizuri."

Norwe wana haki ya kila mtu kutembea na kulala porini, nayo imeandikwa katika sheria ya mwaka 1957. Unaweza kupiga hema bure kwenye ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, kwa masharti. Kaa angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda chenye watu. Usikae zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila ruhusa, isipokuwa juu milimani au mbali kabisa na makazi. Shamba, bustani, malisho yaliyostawishwa na uwanja wa nyumba si porini. Haki hii ni ya miguu na hema, haikupi ruhusa ya kuingiza gari kwenye majani. Gari liache mahali pa maegesho, ubebe mzigo. Na kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba ni marufuku kuwasha moto wa kuni msituni au karibu na msitu. Pikia gesi, jiko likiwa juu ya mwamba au changarawe. Choo chako kiwe mbali na maji na njia, na karatasi uondoke nayo kwenye mfuko.

Mahali pa kupiga hema usipachague kwa mandhari peke yake. Bondeni kabisa hewa baridi hutuama usiku. Panda hatua thelathini tu na utaona tofauti. Chini ya jabali lenye mawe mapya yaliyovunjika, ondoka, mengine yanakuja. Kisiwa cha changarawe katikati ya mto unaotoka kwenye barafu ya mlimani kinavutia saa nne asubuhi, lakini mito hiyo hujaa alasiri na jioni, baada ya jua kuyeyusha barafu mchana kutwa. Vigingi visipoingia kwa sababu ya mwamba, funga kamba kwenye jiwe kubwa, kisha weka jiwe la pili juu ya kamba.

Kila baada ya siku mbili tatu lala kwenye kambi ya kulipia, kwa ajili ya maji ya moto. Sehemu nyingi bafu linaendeshwa kwa sarafu au kidude unachonunua mapokezi, na dakika zikiisha maji yanakata hata kama una povu kichwani. Jisabunishe kwanza, ndipo utumbukize. Kambi nyingi pia zina vibanda vidogo vya mbao vyenye vitanda na jiko la umeme. Siku ya mvua kubwa kimoja kinaokoa ndoa.

Barabarani

Huku wanaendesha kulia, na sisi tuliozoea kuendesha kushoto tunasahau asubuhi, si mchana. Hatari ni ile dakika ya kwanza ukitoka kambini hakuna gari lingine barabarani, unajikuta upande wa kwenu. Bandika karatasi kwenye usukani. Taa ziwake muda wote, mchana na usiku, ni sheria. Pombe kiwango ni 0.2 kwa elfu, yaani usiguse. Leseni yako beba pamoja na kibali cha kimataifa, maana kampuni nyingi za kukodisha hukiulizia. Kasi ya kawaida nje ya mji ni 80, lakini kwenye kona za mlimani ukifika wastani wa 45 umejitahidi, na faini za mwendo zinauma kuliko bei ya hema. Kwa hiyo kilomita 150 kwa siku zinatosha kabisa.

Barabara nyembamba zina vituo vya kupishana vyenye kibao cha bluu na herufi M. Aliye karibu na M ndiye anayesimama au kurudi nyuma, na mkipishana mnapungiana mkono. Ukiona foleni nyuma yako, ingia M uwapishe. Hakuna sifa ya kuongoza msafara.

Sasa breki. Kutoka juu ya Sognefjellet, mita 1,434, barabara ya juu kuliko zote zinazovuka milima Ulaya ya kaskazini, unashuka hadi usawa wa bahari kwa muda usiozidi saa moja, na kona za kati ya Turtagrø na Fortun zimekunjana. Namna ya kushuka ni ile ya kona za Soni kule Usambara: gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Weka ya pili, acha injini ikamate, kanyaga breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, kabla ya kona kisha iachie ipoe. Ukiikalia breki kuanzia juu mpaka chini, chini utanusa harufu. Gari la otomatiki lina alama ya L, B au M. Itafute ukiwa bado kwenye maegesho. Na kondoo wanalala barabarani. Lami inabaki na joto jioni nao wanajua, honi haiwasaidii lolote. Subiri, au mtu ashuke awasogeze kwa adabu.

Vituo vya kukaa

Valdresflye, mita 1,389, ni uwanda wazi usio na mti, piteni polepole, mara nyingine kuna kundi la paa wa theluji (reindeer). Baada yake ni Gjende, ziwa la kijani kibichi, rangi inayotokana na unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Juu yake ndiko kwenye njia ya Besseggen: upande mmoja Gjende ya kijani, upande wa pili ziwa Bessvatnet la bluu lililo juu zaidi kwa karibu mita 400, nawe unapanda katikati kwenye ukingo wa mawe. Ni kilomita 14 hivi, saa sita hadi nane. Desturi ni kuchukua boti ya asubuhi hadi Memurubu kisha kurudi kwa miguu, maana hivyo huhofii kuachwa na boti. Tiketi yake ndicho kitu kimoja ninachokubali mtu alipie mapema. Mwenye kizunguzungu asiende. Njia za milimani zina alama ya T nyekundu iliyopakwa kwenye mawe. Usipoiona T nyingine mbele, rudi kwenye uliyoipita.

Lom ni pa kusubiria hali ya hewa. Kuna kanisa la mbao la karne ya 12 na duka la mkate lenye foleni inayostahili. Kuna maduka makubwa ya vyakula. Nunua humo Jumamosi, kwa sababu Jumapili mengi yamefungwa. Yr ikisema magharibi kunafunguka kesho, lala juu Sognefjellet usiku huo, ushuke asubuhi.

Ukifika Skjolden utaona ziwa dogo na jabali juu yake. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alijenga kibanda chake hapo mwaka 1914 ili watu wasimsumbue. Kwa kuona hiyo njia ya kupandia, naamini walimwacha. Mbele kidogo, Gaupne, kuna njia ya kwenda barafu kubwa ya mlimani iitwayo Nigardsbreen. Ipendeni kwa mbali. Kamba na vibao vya onyo si mapambo: mwaka 2014 wazazi wawili kutoka Ujerumani walifariki hapo barafu ilipowaporomokea. Kutembea juu yake ni kwa kiongozi mwenye kamba na viatu vya meno tu.

Solvorn ndipo ninapopenda kukaa. Kuna pantoni ndogo ya kuvuka kwenda kanisa la Urnes, la mbao, la miaka ya 1130 hivi, lililo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Fjordi ni bahari, na kuvua kwa ndoano baharini hakuhitaji kibali, ila samoni mwache. Mito na maziwa ndiyo yenye kadi za kulipia. Samaki akipatikana tunapika hapohapo. Kopo la tui la nazi linauzwa karibu kila duka la vyakula Norwe, unga wa dona na pilipili tunavitoa mtaa wa Grønland kule Oslo. Jiko dogo lina moto mkali katikati tu, kwa hiyo usianze na ugali, utaungua. Kaanga kitunguu, nyanya, bizari, mimina tui nusu kopo, laza vipande vya samaki bila kukoroga, funika, punguza gesi. Vikianza kuachana kwenye mwiba mimina tui lililobaki, ndimu, zima. Ugali upike mwisho, kwenye sufuria nene, mtu mmoja ameshika masikio ya sufuria kwa kitambaa na mwingine anasonga. Kinga upepo kwa mawe, usizungushie mtungi, ukipata joto ni hatari. Soseji za dukani soma karatasi: *svin* ni nguruwe, na imo kwenye nyingi.

Usishangae mzee wa hema la jirani akikuuliza "Habari za jioni?" kwa Kiswahili kilichonyooka. Hospitali ya Haydom, Manyara, ilianzishwa na wamisionari wa Norwe miaka ya 1950, na wauguzi na watoto waliokulia kule wametapakaa nchi nzima hii. Karibisha, wanaukumbuka ugali.

Kutoka Lærdal kwenda Aurland kuna uamuzi wa mwisho. Juu ni Barabara ya Theluji, kilomita 47, inafika mita 1,306 na kushukia kwenye jukwaa la Stegastein, mita 650 juu ya maji. Chini ni handaki la Lærdal, kilomita 24.5, lililofunguliwa mwaka 2000, refu kuliko handaki lolote la magari duniani, lenye kumbi tatu zenye mwanga wa bluu ili dereva asisinzie. Kukiwa kweupe nenda kwa juu, urudi kwa handaki. Kukiwa na ukungu usijidanganye. Juu hamtaona hata boneti. Stegastein fikeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa moja jioni, katikati ni mabasi ya watalii wa meli.

Kurudi, simama Borgund kuona kanisa la mwaka 1180 hivi, halafu Filefjell, halafu nyumbani. Namba za dharura ni 110 kwa moto, 112 polisi, 113 gari la wagonjwa. Ushuru wa barabara na pantoni unasomwa na kamera, huoni kibanda cha kulipia. Bili itafika kupitia kampuni ya gari wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo acha akiba kwenye kadi. Hema likunjue siku hiyohiyo, hata kama ni sebuleni juu ya viti, likauke kabisa kabla ya kulirudisha kwenye mfuko wake.